Uzoefu wangu: seramu ya eksosomu za mimea baada ya tiba ya sindano ndogondogo usoni

Nina makovu ya chunusi mashavuni tangu nilipokuwa chuo, na si madoa tu bali ni mashimo madogo yanayoonekana zaidi mwanga ukipiga kwa ubavuni. Ndiyo maana nilikwenda kufanyiwa tiba ya sindano ndogondogo zinazotoboa ngozi ili ijijenge upya, ambayo kliniki nyingi za hapa Dar es Salaam huiita mikronidlingi, na pamoja na tiba hiyo nilishauriwa kununua seramu yenye eksosomu za mmea wa Centella asiatica, iliyotengenezwa Korea Kusini. Bidhaa za aina hii sasa zinauzwa kwa bei kubwa kuanzia Masaki hadi Kariakoo, na maelezo ya wauzaji huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti kabisa: kutuliza ngozi iliyotoka kutibiwa, kufuta makovu, na kung'arisha uso. Mimi nimeona faida katika jambo la kwanza peke yake, na nitaeleza kwa nini.

Eksosomu ni vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa nje, vyenye upana wa takriban nanomita 30 hadi 150, vikiwa vimezungukwa na utando wa mafuta na kubeba ndani yake protini, mafuta na vipande vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo ya kijenetiki. Viligunduliwa mwaka 1983 katika chembe changa nyekundu za damu za wanyama, na kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa njia ya seli kutupa taka zake, hadi ilipobainika kwamba vinapeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Mimea nayo hutoa vifuko vinavyofanana na hivyo, na watafiti wengi makini huviita vifuko vinavyofanana na eksosomu, kwa sababu haijathibitika kwamba vinatengenezwa kwa njia ileile. Tafiti nyingi zilizopo kuhusu vifuko vya mimea na ngozi zimefanyika kwenye seli za maabara na kwa wanyama. Majaribio kwa watu ni machache na madogo. Muuzaji anayekuambia kwamba jambo hili limekwisha kuthibitishwa anakwenda mbali kuliko sayansi yenyewe.

Niliulizia pia bidhaa za eksosomu zinazotokana na seli shina za binadamu (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), kwa kuwa duka moja lilinieleza kwamba hizo ndizo zenye nguvu. Sikuzichukua. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya inakataza kabisa kutumia katika vipodozi seli, tishu au mazao yatokanayo na mwili wa binadamu, na hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wengi kugeukia mimea. Huko Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitoa onyo mwezi Desemba 2019 kuhusu bidhaa za eksosomu zilizokuwa zikiuzwa kama tiba bila idhini, baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa. Mtu akikupendekezea kudungwa eksosomu za aina yoyote, ziwe za mmea au za mtu, mkatalie. Bidhaa ninayoizungumzia hapa ni ya kupaka, wala si ya kudunga.

Nilichagua kufanya tiba wakati wa kipupwe, maana jasho la miezi ya joto juu ya ngozi iliyotobolewa ni mateso, na pia ni njia ya uchafu kuingia. Nilipakwa krimu ya ganzi, ikafutwa, kisha sindano zikapitishwa mashavuni kwa kina cha milimita 1.5 na kwa kina kidogo zaidi kwenye paji la uso. Kabla ya kuanza nilimwomba daktari anifungulie kichwa kipya cha sindano mbele ya macho yangu, naye akanijibu, "Dada, hiyo ni haki yako, usiache kuiomba popote." Jambo hili silichukulii kwa wepesi: mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wateja walioambukizwa VVU katika saluni moja ya New Mexico isiyo na leseni, ambako huduma za uso za kudungwa sindano ndogondogo na kupakwa damu ya mteja mwenyewe zilitolewa bila kufuata usafi unaotakiwa.

Tulikubaliana kwamba shavu la kulia litapakwa seramu ya eksosomu na la kushoto litapakwa jeli ya asidi ya hayaluroniki, kiambato cha kushika unyevu, iliyotakaswa vijidudu, na kwamba nitaendelea hivyohivyo nyumbani hadi ngozi ipone. Najua uso mmoja hauwezi kuwa utafiti, lakini nilitaka angalau kulinganisha mashavu mawili ya mtu mmoja, yanayolala kwenye mto mmoja na kupigwa na jua moja, kuliko kutegemea picha za matangazo.

Tofauti ilikuwapo, na ilijitokeza mapema. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani kama kwenye picha za Wakorea; unaonekana kama wekundu wa udongo uliochanganyika na weusi, na zaidi ya kuonekana, unausikia kama joto na kuvutwa kwa ngozi. Usiku wa kwanza shavu la kushoto lilikuwa likiwaka na kunikaza kila nilipofungua mdomo kula, ilhali la kulia lilikuwa na joto la kawaida tu. Kesho yake shavu la kulia lilikuwa limetulia kiasi kwamba ningeweza kusahau lilitibiwa, na kule kubanduka kwa ngozi ambako hufuata kulikuwa kwepesi upande huo, kwa vigamba laini ambavyo havikuniwasha. Baada ya wiki moja hivi, hata hivyo, mashavu yote mawili yalikuwa sawa, na mdogo wangu, ambaye sikumwambia ni upande upi uliopata nini, alishindwa kuyatofautisha. Miezi michache baadaye makovu yamepungua kina kidogo pande zote mbili kwa kiasi kilekile, jambo linaloeleweka, kwa kuwa kinachofanya mashimo yajae ni kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara, inayojengwa polepole kutokana na majeraha ya sindano zenyewe.

Hata ule utulivu wa siku za mwanzo siwezi kuuhesabia eksosomu moja kwa moja. Niliposoma orodha ya viambato nilikuta humo panthenoli, asidi ya hayaluroniki na dondoo ya kawaida ya mmea uleule wa Centella, ambao una madekasosidi na asiatikosidi, viambato vinavyojulikana kwa kutuliza ngozi na kusaidia vidonda kupona, na ambavyo vimo kwenye krimu za bei nafuu zinazopatikana famasi. Lebo haikutaja idadi ya vifuko kwa mililita wala namna vilivyopimwa. Nilimwandikia msambazaji kumuuliza hayo, nikatumiwa picha za wateja waliopendeza. Kwa bei ya karibu shilingi laki tatu kwa kifurushi kimoja, mnunuzi anastahili jibu la swali hilo, nami ningependa tulizoee kuliuliza.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipita haraka, nalo ndilo lililonifikirisha zaidi. Tabaka la juu kabisa la ngozi limeumbwa kuzuia vitu visipite, na wataalamu wa ngozi huchukua molekuli ya takriban daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) kuwa ndiyo kikomo cha kitu kinachoweza kupenya ngozi nzima. Kifuko cha nanomita mia moja ni kikubwa kupita kiasi hicho mara nyingi mno. Kwa hiyo, seramu hii ikipakwa kwenye ngozi isiyotobolewa, sioni msingi wa kuamini kwamba vifuko hivyo vinafika popote. Sindano ndizo zinazofungua njia, na vitundu hivyo huanza kujifunga ndani ya saa chache. Lakini njia inayopitisha eksosomu hupitisha pia manukato, vihifadhi na bakteria, na kipodozi cha kawaida hakilazimiki kutengenezwa bila vijidudu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake walioota vinundu usoni baada ya tiba ya sindano ndogondogo iliyoambatana na vipodozi vya kupaka, ikiwemo seramu ya vitamini C. Kwa sababu hiyo ninaikubali bidhaa inayokuja kama unga mkavu ndani ya kichupa kilichofungwa, ukachanganywa na kimiminika chake palepale kliniki na kutumika upesi, isiyo na manukato, na iliyoandikwa wazi kwamba imetakaswa vijidudu. Chupa kubwa ya kufungua na kufunga kila siku, hata ikiwa ya kampuni ileile, isipakwe siku ya tiba.

Hapa kwetu hali ya nyumbani nayo ina uzito wake. Maji ya kisima katika maeneo mengi ya jiji yana chumvi, na kuyanawia uso siku ya kwanza ni kujitesa. Nilitumia maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa, bila sabuni. Retinoli, vitamini C na visugulio vyote niliviweka kando hadi ngozi ilipoacha kubanduka. Juu ya yote ni jua. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, ikivimba huacha madoa meusi yanayoweza kudumu miezi mingi, na kwa wengi wetu madoa hayo huudhi kuliko makovu yaliyotupeleka kliniki. Ngozi ilipofunga nilipaka kila asubuhi krimu ya kukinga jua ya SPF 50 yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo humo huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao huchochea weusi kwenye ngozi kama zetu, na nilijifunika kwa mtandio na mwavuli kila nilipongoja daladala. Sikupata doa jipya upande wowote, na kwa kuwa upande wa kushoto nao ulisalimika, sifa hiyo naipa krimu ya jua kabla ya seramu.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, huku Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba, kwa hiyo mnunuzi anaweza kuuliza kama bidhaa imesajiliwa TBS na kutazama tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Tahadhari hii ina sababu, kwani nimekwisha kuona jina la eksosomu limebandikwa kwenye krimu za kung'arisha zisizo na orodha yoyote ya viambato, katika meza zilezile zinazouza mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, haziwi salama kwa kupewa jina jipya. Aidha, maelekezo ya seramu yangu yalitaka ihifadhiwe mahali pa baridi mbali na mwanga, na sijui ni maduka mangapi yenye mabati na umeme unaokatika yanayoweza kulitimiza sharti hilo. Ndiyo maana nilinunua klinikini, ambako niliona inatolewa kwenye friji.

Kwa awamu ijayo nimeamua kununua kichupa kimoja cha kupakwa siku ya tiba, kwa ajili ya ule usiku wa kwanza, na siku zinazofuata nitatumia krimu ya panthenoli ya famasi pamoja na mafuta ya mgando kwenye sehemu zitakazokauka. Kifurushi cha mwezi mzima sitakinunua tena. Mwenye bajeti ya awamu moja tu ya sindano na hana ya ziada, aitumie fedha yake kwa daktari mzuri na krimu ya jua, na hii seramu aiache dukani.