Ruaha nzuri, lakini dereva alimtukana shangazi yangu

Nilisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, acha niandike hivyo hivyo.

Tulikwenda Hifadhi ya Taifa Ruaha kwa gari la kuchangia la kampuni moja ya Iringa mjini. Tulikuwa mimi, shangazi yangu anayeishi Idodi, na watalii kutoka nje. Shangazi amezeeka jirani na hifadhi na hakuwahi kuingia. Simba anawajua kwa ngurumo za usiku na kwa ng'ombe waliopotea zizini.

Upande wa Msembe, karibu na mto, tukawakuta majike na watoto wao wamelala kivulini. Jamani, wale watoto! Dereva akawaeleza wageni kwa Kiingereza kwamba Ruaha na mapori yanayoizunguka inakadiriwa kuwa na simba mmoja katika kila kumi waliobaki Afrika. Sisi hata hakutugeukia. Shangazi akauliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wakila ng'ombe wetu tunasaidiwaje?"

Kijana akacheka. "Mama, si nyie ndio mnaowawekea sumu?" Kisha akawatafsiria wageni, wote wakageuka kumtazama shangazi. Alinyamaza mpaka getini.

Sumu ipo, sikatai. Mzoga mmoja ukitiwa sumu unaua simba, fisi na tumbusi kwa mkupuo. Lakini swali lake lilikuwa na majibu! Kuna kifuta jasho cha serikali kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori, kanuni zake zilitoka 2011. Kuna mradi wa wanyama walao nyama ulioanza 2009 kwenye vijiji hivyo hivyo, unaosaidia wafugaji kuimarisha mazizi kwa waya. Mtu anayelipwa kwa ajili ya simba hayajui hayo? Au anayajua, ila mama wa kijijini hastahili kuambiwa?

Nilikuwa nimeapa kuwaambia msiende. Hapana, nendeni, wale simba ni wetu. Ila kwa gari lingine. Kampuni ningeipa nyota mbili, maana gari lilikuwa zima na chakula kilikuwa kizuri. Nikikumbuka kile kicheko, hata moja naona nyingi.

Ofisini wamenitumia ujumbe: samahani kwa usumbufu, safari ijayo nitapunguziwa bei. Mimi sikutukanwa. Wapande gari lao hilo hilo, na dereva akiwemo, waende Idodi wakamwombe shangazi radhi, kwa Kiswahili.