Anki na msamiati wa GRE: kadi 640, miezi mitano

Nimefanya GRE mara mbili, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu ambao baadhi ya vyuo huutaka kwa wanaoomba masomo ya uzamili. Mara ya kwanza sehemu ya lugha nilipata 147, mara ya pili 157, na kati ya mitihani hiyo miwili kitu kikubwa nilichobadilisha ni namna ya kujifunza maneno. Programu niliyotumia ni Anki, inayokurudishia kadi za maneno kwa ratiba. Namwandikia yule aliyeshika orodha ndefu ya maneno, ambaye akifika ukurasa wa nne ule wa kwanza umeshafutika kichwani. Nimepita hapo, najua inavyochosha.

Nianze na kilichoniangusha. Kwa mtihani wa kwanza nilinunua kadi zilizotengenezwa tayari, maneno elfu moja, kila neno na maana yake moja. Jina la mtengenezaji silitaji. Nilizikariri kwa bidii ya kweli, nikafika mahali ambapo ukinionyesha neno nakutolea maana papo hapo. Kisha nikafanya mtihani wa mazoezi, nikakutana na mtaalamu aliyeupa mpango fulani "qualified support". Kwangu mimi "qualified" ni mwenye sifa, aliyehitimu. Nikachagua jibu linalosema aliunga mkono kwa moyo wote. Kumbe aliunga mkono kwa masharti, yaani ndiyo yenye lakini ndani yake. Sentensi nzima ilipinduka kwa sababu ya neno ambalo ningeapa nalijua tangu shuleni.

Hapo ndipo GRE inapouma. Watu wanaogopa maneno kama "pusillanimous", na kweli yanatisha kwa urefu, lakini hilo ukishajua ni mwoga umemalizana nalo. Yanayokula alama ni mafupi, yale tunayoyapita kila siku: "check" likimaanisha kuzuia, "champion" kutetea, "temper" kupunguza makali, "flag" kulegea, "want" upungufu. Halafu kuna "sanction", ambalo laweza kuwa kuidhinisha na laweza kuwa kuadhibu, na ni sentensi peke yake itakayokuambia ni lipi. Kadi yenye maana moja hapo inakupoteza kabisa, maana inakupa ujasiri usio na msingi.

Sasa Anki. Unaandika kadi mbele na nyuma. Programu inakuonyesha mbele, unajaribu kukumbuka, unaifungua nyuma, kisha unabonyeza kimoja kati ya vitufe vinne kusema umekumbuka kwa kiasi gani. Ukikumbuka, kadi inaondoka kwa siku moja, halafu siku kadhaa, halafu wiki, halafu mwezi na zaidi. Ukisahau, inarudi mbele yako haraka. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni, na jinsi marudio yaliyoachiwa nafasi yanavyoshinda kukariri kwa mkupuo. Anki ilitoka mwaka 2006, na jina lake ni neno la Kijapani la kukariri. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure. Kwa iPhone unalipia.

Kitu kimoja ndani yake nimekipenda kuliko vyote. Kadi ukiisahau mara nane, programu inaibandika jina la ruba, yule mdudu anayenyonya damu. Jina limepatia. Ruba wangu wa kwanza alikuwa "enervate". Kila nikiliona, sikio langu linasikia "energy" na mkono unakimbilia kutia nguvu, wakati maana yake ni kinyume kabisa: kumaliza mtu nguvu, kumlegeza. Mara nane nimekosea vilevile. Alama ya ruba iliponitokea nilielewa kwamba tatizo liko kwenye kadi, kwa hiyo hata nikirudia mara ishirini haitasaidia. Nikaifuta, nikaandika upya sentensi ya homa iliyomlegeza mtu hadi akashindwa kuinua kikombe, na chini yake onyo: "si energy, ni kunyong'onyea". Haikunishinda tena.

Kutokana na hapo nikaziandika zote namna hiyo. Mbele ya kadi hakuna neno peke yake, kuna sentensi fupi yenye neno ndani yake. Nyuma kuna maana kwa Kiswahili. Na hapa nataka nisisitize, kwa sababu nilishauriwa na wengi nitumie Kiingereza kwa Kiingereza na nikapoteza wiki nzima. Tafuta "obsequious" kwenye kamusi ya Kiingereza: inakutuma kwenye "servile" na "fawning", na hayo nayo huyajui, ukayatafute. Kwa Kiswahili ni kujikomba, basi. Ukisema kujikomba unamwona mtu mwenyewe, anavyoinama mbele ya mkubwa, anavyocheka kabla utani haujaisha. Neno linakuja na sura yake.

Kiswahili kilinisaidia pia kutenganisha maneno yanayofanana. Kuna aina ya swali ambapo unapewa sentensi yenye pengo moja na maneno sita, na lazima uchague mawili yatakayoifanya sentensi iwe na maana ileile. Ukipata moja tu, hupati kitu. Hivyo nikawa naandika kadi kwa familia. "Taciturn" ni mkimya kwa tabia. "Reticent" ni asiyependa kutoa ya moyoni. "Laconic" ni anayesema machache na yakatosha. Asili yake ni Laconia, nchi ya Wasparta, waliosifika kwa ufupi wa maneno. Upande wa pili, "loquacious" ni msemaji na "garrulous" ni mpayukaji anayechosha. "Frugal" anabana matumizi na tunamsifu, "parsimonious" ni bahili na tunamsema. Sifa au lawama, hilo liandike kwenye kadi kila mara, maana mara nyingi ndilo linaloamua jibu.

Na sisi tuna faida nyingine ambayo sikuwahi kuiona ikitajwa. Tumezoea mizizi. Ukisikia soma, somo, msomi, usomaji, hufundishwi mara nne. Kiingereza cha aina hii nacho kimejaa mizizi ya Kilatini, na ukishashika kwamba "loqu" na "locu" ni kusema, unafungua "loquacious", "eloquent", "colloquial", "soliloquy" na "circumlocution" kwa ufunguo mmoja. Nilikuwa na kadi thelathini za mizizi tu na zililipa kuliko nyingine zote.

Tahadhari sasa. Anki inaanza na kadi mpya 20 kwa siku, na wiki ya kwanza utaona ni kidogo. Usidanganyike, marudio yanajilimbikiza. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na kadi zaidi ya 150 za kurudia kila siku, nikakosa siku mbili kwa ugonjwa na niliporudi nilikuta mlima. Nilishusha hadi kadi mpya 8 na ndipo nikapumua. Kama mtihani wako uko wiki mbili mbele, usiianze kabisa; soma maswali yaliyotolewa na watungaji wenyewe na ujiandikie maneno yanayokukwaza humo. Watungaji hao, ETS, wana mitihani ya mazoezi ya bure, PowerPrep, na lugha yake ndiyo utakayoikuta siku yenyewe.

Pia kadi hazitakufundisha kusoma. Tangu mtihani ulipofupishwa Septemba 2023, sehemu ya lugha ina maswali 27, 12 kwa dakika 18 na 15 kwa dakika 23, na karibu nusu yake ni ya ufahamu. Aya ngumu kuhusu fosili au sheria haingoji ukumbuke kadi yako. Kila jioni, nikishamaliza marudio, nilisoma makala moja ndefu ya sayansi au historia, na maneno mengi niliyoyakamata vizuri ni yale niliyoyakuta humo kabla au baada ya kuyaandika. "Equivocal" nililikuta kwenye makala kuhusu majaribio ya dawa, matokeo yasiyoegemea huku wala kule, na sijawahi kulikosa tangu siku hiyo.

Wenzangu wawili wanaojiandaa wameniomba niwatumie faili la kadi zangu. Nimewapa orodha ya maneno yote 640 na ile mizizi thelathini. Sentensi nimewaambia waandike wenyewe, na kila mmoja akipata ruba wake wa kwanza aniletee tumwangalie pamoja.