Uzoefu wangu: fiziotherapia ya kiwiko hapa Mwanza

Mimi kazi yangu ni kupaa sato na kukata sangara pale Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana mkono wa kulia ulianza kuuma kwenye kile kifupa cha nje ya kiwiko. Nikikaza kisu, maumivu yanashuka mpaka karibu na kiganja. Mwisho hata kukamua nguo au kunyanyua birika la chai ikawa kazi.

Duka la dawa walinipa vidonge na dawa ya kuchua, nikapata nafuu ya saa chache. Zahanati moja walitaka kunichoma sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu, palepale, bila hata kuniuliza nafanya kazi gani. Nikakataa, nikaenda kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, niliyoelekezwa na wifi yangu.

Kilichonifurahisha ni kwamba yule kijana mtaalamu wa fiziotherapia alianza na kazi yangu. Akanipa rula, akasema, “Mama, nionyeshe unavyoshika kisu.” Kisha akaninyoosha mkono, nikakunja ngumi, akaniambia niinue ngumi juu huku yeye anaikandamiza chini. Maumivu yalinichoma palepale kwenye kifupa. Akasema hicho ni kiwiko cha tenisi: kano ya misuli inayoinua kiganja imeelemewa pale inapojishika kwenye mfupa, kwa sababu ya kukaza mshiko kutwa nzima. Kuhusu sindano alinieleza vizuri sana. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2006: waliochomwa walipata nafuu kubwa ndani ya wiki 6, lakini wengi wao maumivu yaliwarudia.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Unakaa, unalaza mkono juu ya meza, kiganja kinatazama chini na kuning'inia nje ya ukingo. Unashika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Mkono usiouma unasaidia kuinua kiganja, halafu ule unaouma unashusha peke yake, polepole, huku unahesabu moja hadi tano. Unarudia mara 10 au 15, unapumzika, unaanza tena. Kuuma kidogo si tatizo, ila ukiamka kesho yake umeumia zaidi, unapunguza. Nilivyopata nguvu tukaongeza uzito.

Alinipa na mkanda wa kufunga chini kidogo ya kiwiko, nauvaa nikiwa kazini tu. Ushauri ulionisaidia kuliko mkanda ni wa mpini: niuzungushie mpira wa baiskeli uwe mnene, maana mpini mwembamba unakulazimisha kukaza vidole. Kisu kinolewe mara kwa mara. Na ndoo ya samaki niinyanyue kiganja kikitazama juu. Kwa huo ushauri wa ndoo, nilisikia nafuu siku hiyohiyo.

Sasa upande wa pili. Foleni ni ndefu, na kwa sisi wa sokoni asubuhi ndiyo pesa, kwa hiyo omba nafasi ya mchana. Kama huna bima, gharama inauma ukienda mara kwa mara. Mimi nilimwambia wazi, akanipangia mazoezi ya nyumbani na kunipa nafasi ya kurudi baada ya wiki kadhaa. Pia haraka haipo. Mwezi wa kwanza nilikuwa naona kama nacheza na chupa tu. Aliniambia mapema kwamba wengi hupona ndani ya mwaka, na kano haisukumwi.

Leo nakata sangara mzima bila kusimama kujikanda. Siku ya mzigo mkubwa bado kiwiko kinanikumbusha jioni, nafanya mazoezi yangu na kulala. Kwa wenzangu wa Mwaloni, mafundi seremala na washonaji, naipendekeza huduma hii kwa moyo wote. Kabla hujalipa, uliza kama watakufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Wakikwambia ni kulazwa chini ya mashine na kukandwa tu, tafuta kliniki nyingine.