TAHADHARI: Stika ya QR kwenye nguzo ya kulipia pakingi, na yule kijana wa koti la reflekta

Nimekaa na hili siku 12. Nilikuwa nimeapa sisemi, kwa sababu mimi ndiye yule anayewatumia kila wiki meseji za "jihadharini na matapeli", na najua kuna watu humu watacheka mpaka wakae chini. Chekeni. Na ninyi mnaojua habari ya friji chekeni pia, ila msiitaje friji. Mkimaliza someni, maana wengi wenu mnaegesha kwenye pakingi za aina hii hii.

Nimeingizwa mjini. Mchana kweupe, na aliyeniingiza tulikuwa tunatazamana usoni.

Nilikuwa natoka wapi siku ile na katika hali gani mnajua, sirudii. Ongezeni tu kwamba kulikuwa na manyunyu, yale yasiyokulowesha mara moja lakini yanakuudhi, na mikononi nilikuwa na ile bahasha, mkoba, mwavuli, na simu yenye chaji asilimia 11. Pakingi yenyewe ni ya kisasa. Hakuna geti, hakuna mtu wa kukupa tiketi, hakuna karatasi ya kuweka kwenye kioo. Unaingia, kamera ya juu ya mlingoti inasoma namba za gari, ukitoka inasoma tena, na hapo katikati unatakiwa uwe umelipia kwenye nguzo. Usipolipa, faini inakufuata mpaka nyumbani. Kwa hiyo toka unapozima gari unakuwa na wasiwasi wa dakika, na tapeli anaujua wasiwasi huo kuliko wewe mwenyewe.

Nafika kwenye nguzo, tundu la sarafu limezibwa na karatasi ndani ya plastiki: "MASHINE HAIPOKEI PESA TASLIMU KWA SASA. LIPIA KWA SIMU." Imechapwa, si ya mwandiko wa mkono. Chini yake stika ya QR, mraba wa ukubwa wa kiganja changu, buluu ileile ya bango la pakingi, na kialama cha P pembeni. Na kando ya nguzo, kijana. Koti la reflekta la njano, kitambulisho kinaning'inia shingoni, redio ya mawasiliano kiunoni, kalamu nyuma ya sikio. Kalamu nyuma ya sikio, jamani! Nani anamshuku mtu mwenye kalamu nyuma ya sikio?

"Shikamoo mama."

Nikaitika marahaba. Nadhani hapo ndipo nilipokwisha.

"Mashine imetusumbua toka asubuhi, mama. Skani tu hapo, fanya haraka kidogo usije ukapitiliza dakika zako."

Dakika zangu! Alilisema kama ananionea huruma. Akanipokea mwavuli, akanishikia. Naibiwa huku mwizi amenishikia mwavuli, tena ameuinamisha vizuri ili simu isilowe. Naikumbuka saa yake, mkanda mweusi wa plastiki, na kucha safi kabisa, zimekatwa sawasawa. Usiku nimejiuliza mara ngapi, mtu wa kushinda pakingini mvua na jua anapata wapi kucha zile. Siku ile niliona ni ustaarabu.

Nikaskani. Ukurasa ukafunguka, buluu, picha ya gari, "Karibu". Ukaniuliza namba za gari, nikaandika. Ukaniuliza nimekaa muda gani, nikaandika masaa mawili. Jina, namba ya simu, kadi. Zile tarakimu 16 za mbele, tarehe ya mwisho, na zile 3 za nyuma. Nimezijaza zote kwa kidole gumba, nimesimama kwenye manyunyu, na nilipotoa kadi kijana akageuza uso. Sikilizeni vizuri: aligeuza uso upande wa pili, kama muungwana, nisije nikadhani anachungulia. Achungulie nini mbwa yule, wakati namba zilikuwa zinamwendea zenyewe?

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Halafu maandishi mekundu: "Malipo hayajakamilika. Tafadhali jaribu kadi nyingine."

Nikatoa kadi ya baba watoto.

Naomba nipumzike hapo kidogo.

Meseji ya benki ikaingia, ile yenye tarakimu 6. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa sababu meseji ilisema. Nimeirudia mara mia tangu siku ile. Ilisema namba hiyo ni ya kuunganisha kadi na simu mpya, na nisimpe mtu yeyote. Pakingi haikutajwa, malipo hayakutajwa. Mimi niliona tarakimu zilivyochungulia juu ya kioo, nikazinakili kwenye ukurasa bila hata kuifungua. "Asante. Malipo yamepokelewa." Kijana akanirudishia mwavuli, akanisaidia kurudi nyuma, njoo, njoo, kata kulia, njoo, akapiga bodi viganja viwili, kisha akatangulia mbio mpaka njia ya kutokea akasimamisha gari la mwingine ili mimi nipite. "Safari njema mama."

Nikampa na bakshishi.

Pesa zilianza kutoka usiku wa saa saba. Kwanza kidogo, kama wanaonja chumvi. Halafu mara nne mfululizo. Zile kadi zilikuwa zimeshaingizwa kwenye simu yao, wanagusisha tu madukani kama mali ya mama yao. Kiasi sitaji. Jueni tu kwamba lile jambo la mwezi ujao halipo tena, na baba watoto hajaniambia neno baya hata moja, jambo ambalo ni baya kuliko neno baya. Benki nilipiga alfajiri, wakafunga kadi, dada wa huduma kwa wateja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini ile namba umeitoa wewe mwenyewe mama." Ndiyo mwanangu. Nimeitoa mwenyewe.

Kabla hamjaanza na "mtu mzima vipi hakuona": mimi si mtu wa kubofya bofya. Linki za kushinda zawadi nafuta, wanaopiga simu kusema mtoto wangu kakamatwa nawauliza mtoto yupi. Lakini kitu kimebandikwa kwenye nguzo ya chuma, chini ya kamera, mbele ya watu, na mtu wa koti amesimama nacho. Tangu siku ile usingizi hauji, nasoma tu. Kumbe hizi QR zilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya vipuri vya magari, kwa ajili ya kufuatilia vipuri kiwandani. Zilianzia kwenye magari na mimi zimenimaliza kwenye magari. Na Januari 2022 mji wa Austin, Marekani, walikagua mashine zao za maegesho wakakuta stika za uongo kwenye mashine 29. Mji mzima uliingia, sembuse mimi.

Nilidhani yameisha. Siku ya tisa ikaja bahasha. Faini. Sijalipia maegesho.

Kwanza nikajipa moyo kwamba kamera imekosea. Zinakosea, si uzushi. Zinachanganya O na sifuri, B na 8, na jirani yangu aliingia pakingi asubuhi akatoka, jioni akarudi tena, kamera ikapoteza yale ya katikati ikamhesabia kutwa nzima. Nikafungua barua nikiwa na hoja zangu tayari. Picha mbili, kuingia na kutoka, saa, dakika na sekunde. Namba zangu, kila herufi. Haikukosea kitu. Ilikuwa sahihi kabisa: gari hili limekaa hapa, na hakuna aliyelilipia. Nimelipa mpaka akiba imekauka, na kwenye mtambo wao mimi ndiye mwizi.

Nikawaandikia. Nikaambatanisha taarifa ya benki, skrinshoti, maelezo, kila kitu. Jana wamejibu kwa mistari mitatu: malipo hayakupokelewa na sisi, stika hiyo si yetu, faini inabaki palepale. Wangesema hata pole. Kamera inayosoma namba za gari usiku, gari lina matope, linatembea, haikuona mtu anabandika stika kwenye nguzo iliyo chini yake? Haikuona koti la njano kutwa nzima? Binamu yangu anayefunga mitambo hiyo ananiambia, dada, kamera haitazami watu, inatafuta kibao cha namba tu, vingine vyote kwake ni giza. Basi na mwenye kamera naye ni kipofu? Mtu mmoja wa kupita asubuhi na kitambaa akafuta nguzo, mmekosa? Rufaa naendelea nayo, polisi nimeripoti nimepewa namba ya jalada, na kwa kampuni sinyamazi.

Dalili. Mnazitaka dalili, haya. Stika ilikuwa imenyanyuka kona moja na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, yaani ya kweli ilikuwa pale chini imefunikwa. Niliiona kona ile. Nikaisukuma kwa kidole ikae vizuri ili simu isome! Halafu anwani ya ukurasa ilikuwa na kistari na herufi moja ya ziada, hiyo niliigundua nyumbani. Na hili la kukaa muda gani: binamu anasema mtambo wa kweli wa kamera hauna haja ya kukuuliza, ukiandika namba za gari unakuonyesha saa uliyoingia, mara nyingine na picha ya gari lako, kwa sababu ulishakuona. Ukiulizwa, kimbia. Meseji za benki zisomeni zote, neno kwa neno, hata kama mvua inanyesha mawe. Tumieni programu ya pakingi mliyoipakua wenyewe, au ingieni ndani muulize, au lipeni mashine nyingine. Kulikuwa na mashine nyingine, upande wa pili, hatua kama 30. Inafanya kazi. Nimeenda kuiona.

Na yeye, popote alipo, sitaki apigwe. Akipigwa yanaisha kwa siku moja. Nataka abandue stika zote za mjini kwa kucha zile zile, nguzo moja baada ya nyingine, na mbele ya kila nguzo kuna mtu mzima mmoja amesimama anamwambia fanya haraka mwanangu, usije ukapitiliza dakika zako. Nataka simu yake iwe asilimia 11 maisha yake yote. Nataka mama yake mzazi aambiwe kwamba ile shikamoo aliyomfundisha ndiyo anayoivulia watu. Hapo kwenye shikamoo siwezi kusamehe. Pesa nitazitafuta. Lakini juzi kijana wa watu kanisalimia kwenye ngazi, wa kweli, ana adabu zake, nikashika mkoba badala ya kuitika, na yeye akaona.

Alhamisi nimepita pale. Stika haipo, imebaki alama ya gundi ya mraba na vumbi limeshanata. Kuna mashuhuda wawili nimeongea nao, nao walilizwa wiki ileile, mmoja ni mwalimu wa hesabu kwa hiyo mniache.

Hapo chini nimeweka picha ya kutoka, ile iliyokuja na faini. Namba zangu nimezifuta. Angalieni kushoto ya gari. Binamu anasema kamera inamulika mwanga ambao jicho halioni, na kinachourudisha ni kibao cha namba na vitu vya kung'aa kama vile. Kwa hiyo picha nzima ni giza, namba zinawaka, na pembeni kuna mistari ya reflekta inawaka kuliko hata namba: miwili kifuani, na mmoja wa mkononi umepanda juu. Uso hamna. Kichwa hamna. Ni koti peke yake linanipungia.

Anayelitambua koti hilo aniandikie pembeni.