Walininyang'anya sukari yangu mlangoni mwa sali ya spoti

Nianze na ile iliniuma, mengine yatafuata. Kuna sali moja ya spoti, jimu, hapa Bukavu, jina nalificha, watu wa Ibanda mnaijua, ile yenye muziki unasikika mpaka barabarani. Nimelipa abonema ya miezi 3 kwa mara moja, dola mkononi, hakuna hata mmoja aliniuliza mama uko na ugonjwa gani. Sawa. Lakini siku ya kuanza, kakijana ka sekiriti kakafungua sakoshi yangu, kakatoa kachupa ka juisi na karatasi nilifungia vipande vya sukari, kakasema mama, reglemani, humu ndani hakuna kula.

Nikamwambia kwa upole, mwana wangu, miye niko na ugonjwa wa sukari, hiyo ni dawa yangu. Akacheka! Akaita mwenzake wa biro, eti njoo usikie, mama anaugua sukari halafu anatembea na sukari ndani ya sakoshi. Wakacheka wawili. Na miye mjinga nikacheka nao, nikaacha vitu vyangu pale mezani nikaingia. Hapo njo najilaumu mpaka leo.

Kwa wale hawajui: mwili ukifanya kazi, misuli inajivutia sukari kutoka kwa damu hata bila kungoja insulini. Na miye asubuhi nilikuwa nimeisha meza glibenklamidi, kazi yake ni kusukuma kongosho itoe insulini, basi wawili wakavuta kamba upande mmoja, sukari ikashuka kupita kiasi. Wenye kumeza metformini, ile dawa ingine ya sukari, peke yake hawasumbukagi hivyo sana. Munganga, daktari wangu, alikuwa amenieleza yote, pima sukari ya damu mbele ya kuanza, ikiwa chini ya 100 (mg/dl) kula kitu kwanza, na sukari yako isikae mbali na wewe. Nilipima nyumbani, 118, nikajiona malkia. Sasa nyumbani ni Kadutu, nikashuka kwa miguu mpaka kule, na saa sita nilikuwa nimekula kabugali kadogo tu na lengalenga, eti napunguza kilo. Kwa hiyo kosa langu liko, sikatai. Nusu. Hapana, robo.

Wakaniweka kwenye velo, baiskeli ile haiendi popote. Dakika za kwanza tamu kabisa, nikasema kumbe mabosi ndivyo wanaishi. Halafu jasho likawa baridi huku nyuma ya shingo, vidole vikaanza kutetemeka, nikiangalia namba kwenye ile mashini naziona mbili mbili. Kochi anapiga makofi, ongeza mama, ongeza! Nikamuonyesha mkono unavyocheza. Akasema hayo ni mafuta yanatoka. Mafuta! Nikasema nataka sukari yangu iko pale mlangoni, ulimi umeisha kuwa mzito kama wa mlevi, na kijana yule, niliye na umri wa kumzaa, akanijibu hiyo ni tamaa mama, ishinde.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi. Alinitazama mara moja, akaacha ndoo, akaja na kikombe cha maji alichokorogea sukari ya chai yake mwenyewe, akanishika kidevu kama mtoto, kunywa, kunywa yote. Marehemu bwana yake alikuwa na ugonjwa huu huu, njo maana alijua. Mtu akaleta kamashini kangu, tulipopima ilikuwa 58, na hiyo ni kiisha kunywa, mbele yake ilikuwa ngapi sitaki hata kujua. Tukangoja dakika 15, ikapanda kidogo tu, akanipa vipande vingine 3, tukangoja tena, 94. Akanipa na mkate. Bandeleti 3, vile vikaratasi vya kupimia, zikaisha hapo hapo na munajua bei yake.

Kochi sasa, mama ungesema. Nilisema! Nilisema mlangoni, nilisema juu ya velo!

Nilikuwa naandika hapa musiende kabisa. Shida ni kwamba miye mwenyewe nilirudi, kwa sababu abonema hawarudishi, niliuliza mara 2. Sasa vipande vyangu nafungia ndani ya kitambaa cha kichwa, sekiriti afungue sakoshi mpaka achoke. Usiku wa siku ya spoti napima mbele ya kulala, maana sukari inaweza kuendelea kushuka mpaka kesho yake. Na niseme ukweli ingawa unanikera: asubuhi nilikuwa naamka na 190 na kitu, siku hizi 130, munganga amekata glibenklamidi nusu. Ni sali njo ilifanya? Ama ni kule kupanda Kadutu kwa miguu kila jioni, bure, bila reglemani? Munganga anasema mwili unataka dakika 150 kwa wiki, haujali umelipa wapi.

Juzi kochi ameniona mlangoni akauliza, mama, sukari iko? Nikagusa kitambaa. Akacheka, na sikujua kama alikuwa ananijali ama ananichezea.

Nyota 2. Mama wa usafi mumuhesabie pembeni, 5.