Mashine inadanganya joto, muuzaji anasingizia jogoo

"Mama, mayai yako hayana jogoo." Hilo ndilo jibu la muuzaji nilipompigia kumwambia mashine yake ya kutotolesha imenigeuzia karibu mayai yote kuwa viza. Hakuuliza joto lilisoma ngapi, hakuuliza nimeona nini ndani ya mayai. Limeniuma kuliko hasara yenyewe.

Yai lisilo na mbegu halijifichi. Siku ya 7 limulike kwa tochi gizani: linang'aa tupu, unaona kivuli cha kiini tu. Lenye mbegu lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotanda kila upande. Yaliyong'aa niliyatoa siku hiyohiyo, na yalikuwa machache. Yaliyobaki nilipoyavunja mwishoni nilikuta vifaranga kamili, manyoya na kucha, kiini hakijaingia tumboni. Sasa hapo jogoo anahusikaje? Na wale wachache waliototolewa walianza kudonoa ganda siku ya 19, wadogo, vitovu vibichi. Kuku ni siku 21. Wakiwahi hivyo, joto limezidi. Lingekuwa pungufu wangechelewa hadi siku ya 22 au 23, wazito na matumbo yamejaa.

Nikalaza kipimajoto cha homa, kile cha zebaki, katikati ya mayai. Uzuri wake kinapanda na hakishuki mpaka ukikung'ute, kwa hiyo hata kama joto lilipanda usiku umelala, asubuhi unaona lilifika wapi. Kioo cha mashine kinasema 37.7, kipimajoto kinasema 39. Mashine ya feni inatakiwa 37.5 hadi 37.8, basi. Nikafungua kifuniko: sensa, kile kidude kinachopima joto, imegandishwa kwa gundi pembeni kabisa ya tundu la kuingizia hewa! Inapigwa na hewa ya nje, inadhani ndani kumepoa, hita inaendelea kuwaka. Fundi aliyeunga mashine hii hakuijaribu hata siku moja na kipimajoto kingine.

Nisiwe mchoyo, boksi lenyewe ni zuri. Mota inageuza trei bila kukwama, na umeme ukikatika joto halitoroki haraka mradi usifungue mlango kuchungulia. Niliibandua sensa nikaifunga usawa wa migongo ya mayai, mbali na hita na mbali na upepo wa feni, kisha kwenye kidhibiti joto nikasahihisha kipimo mpaka namba zikalingana. Toleo lililofuata lilijaa vifaranga wakavu, wachangamfu. Beseni la maji tu ndilo dogo. Hadi siku ya 18 linatosha kushika unyevu wa asilimia 50 hadi 55, lakini ukishaacha kugeuza mayai unahitaji 65 hadi 70, la sivyo utando unakauka na kumbana kifaranga akiwa ameshatoboa. Tumbukiza sponji pana isimame nusu nje ya maji. Kinachoongeza unyevu ni upana wa sehemu iliyolowa, kina cha maji hakisaidii.

Kwa matokeo hayo nilishaamua kuipa nyota nne. Nikampigia tena muuzaji, kwa nia njema kabisa, akague sensa za zile zilizobaki dukani. Jibu lake: "Umeshaifungua, dhamana imekufa." Zile nyingine? Kimya, simu imekatwa. Kuna mtu atakusanya mayai ya kuku wake wa kuchi wiki nzima, ayaweke humo, yaungue.

Nyota moja. Ukiipenda hivyohivyo, usilipe kabla haijawashwa mbele yako saa kadhaa, kipimajoto chako kikiwa trei ya juu kisha ya chini, na uone kwa macho sensa imekaa wapi. Akikataa kuiwasha, ondoka na pesa yako.