Filamu Zinazomwamini Mtazamaji na Zile Zinazomshika Mkono

Mimi ni mtazamaji wa kawaida ambaye hakusomea sanaa ya filamu, na maoni ninayoyatoa hapa ni ya mtu aliyetazama filamu nyingi na kuendelea kuzifikiria baada ya kutoka ukumbini. Kwa muda mrefu nimejikuta nikizipima kwa kigezo kimoja: je, mwongozaji ananiamini kwamba nina macho na akili, au ananishika mkono hatua kwa hatua, akiniamuru kwa muziki nilie wapi na kwa maneno ya wahusika nifikiri nini? Kigezo hicho hakitoshi kwa kila filamu, lakini kimenisaidia kuelewa kwa nini baadhi ya filamu zenye sifa kubwa zimenichosha, ilhali nyingine zilizotengenezwa kwa fedha kidogo hazinitoki akilini.

Iliyo bora kuliko zote nilizowahi kuziona ni Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1948. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Katika jiji la Roma baada ya vita, Antonio, aliyekaa muda mrefu bila ajira, anapata kazi ya kubandika mabango kwa sharti la kuwa na baiskeli. Baiskeli hiyo inaibwa, naye anazunguka jiji pamoja na mwanawe mdogo, Bruno, akiitafuta. Antonio aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, na nadhani ndiyo sababu uso wake hauonyeshi hata chembe ya kutafuta huruma yetu. Kuna tukio la mapema ambalo ningemwomba kila mtu alitazame kwa makini. Maria, mke wa Antonio, anavua mashuka ya kitanda chao ili yawekwe rehani na baiskeli, ambayo nayo ilikuwa imewekwa rehani, ikombolewe. Karani anayapokea mashuka yale, anayabeba, kisha anaanza kupanda rafu moja baada ya nyingine, na sisi tunamfuata kwa macho mpaka tunagundua kwamba ukuta mzima umejaa mafurushi ya mashuka ya familia nyingine. Hakuna anayesema neno kuhusu umaskini, wala hakuna mtu wa kutufafanulia jambo, na bado ndani ya sekunde chache tumeonyeshwa jiji zima linalolala bila mashuka. Kasoro ninayoiona ni muziki, ambao mara kadhaa unalia kwa nguvu mahali ambapo uso wa mtoto ulikuwa umekwisha kusema yote.

Inayoifuata kwa karibu ni 12 Angry Men, iliyoongozwa na Sidney Lumet mwaka 1957, ikiwa ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema. Raia 12 wamefungiwa chumbani kuamua kama kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia, na kura ya kwanza inaonyesha 11 wakimwona ana hatia na mmoja akitaka wazungumze kwanza. Karibu filamu yote imo ndani ya chumba hicho kimoja. Anayeitazama kwa mara ya kwanza anaweza kuhisi kwamba kuta zinawasogelea wahusika bila kujua kwa nini; sababu ni kwamba Lumet alianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, akaishusha kadiri mabishano yalivyoendelea, mpaka dari likaanza kuonekana, huku akibadilisha lenzi ili watu na kuta waonekane wamebanana zaidi. Hiyo ndiyo namna ya kumheshimu mtazamaji: anafikishwa kwenye hisia bila kutangaziwa kwamba sasa anapaswa kuihisi.

Katika filamu hiyo hiyo kuna mzee mmoja anayeanza kumwaga chuki yake dhidi ya watu wa tabaka la mshtakiwa, na wenzake wanainuka mmoja mmoja, wanaiacha meza, wanampa mgongo. Sauti yake inazidi kupungua kadiri migongo inavyoongezeka. Sijaona hotuba dhidi ya ubaguzi iliyonigusa kama ule ukimya wao. Nasikitika tu kwamba hasira ya mpinzani mkuu inaelezwa mno kwa ugomvi wake na mwanawe, hadi picha iliyochanwa inaletwa mbele yetu kama ushahidi, wakati tulikuwa tumeshaelewa.

Parasite ya Bong Joon-ho, ya Korea Kusini, inastahili sifa zake. Ilishinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya filamu bora. Familia maskini inayoishi katika nyumba iliyo nusu chini ya ardhi inajipenyeza, mtu mmoja mmoja, katika ajira za familia tajiri. Kiini cha filamu kimo katika tukio moja: wenye nyumba wamerudi ghafla, watumishi wamejificha chini ya meza sebuleni, na tajiri, akiwa amejilaza kwenye kochi hatua chache kutoka kwao, anamweleza mkewe habari za harufu ya dereva wake. Dereva yuko pale chini, anasikia kila neno, na hawezi hata kusogea. Tunamwona akinusa shati lake mwenyewe. Yote yanayotokea mwishoni, hata yale ya kutisha, yamekwisha kupandwa hapo, na mwongozaji anatuachia sisi kazi ya kuunganisha. Sehemu ya mwisho kabisa, inayosomwa kama barua, naiona ndefu kupita mahitaji yake.

Kuhusu Titanic ya James Cameron, ya mwaka 1997, ambayo ilipata tuzo 11 za Oscar, nina maoni yanayoudhi mashabiki wake: nusu ya pili ni kazi kubwa, nusu ya kwanza ni dhaifu. Mchumba tajiri ni mwovu toka anapoingia hadi anapotoka, hana hata dakika moja ya kuwa binadamu, na ili tusisahau kwamba yeye ni mjinga, anapewa maneno ya kubeza michoro ya Picasso. Meli inapoanza kuzama, hata hivyo, maneno yanapungua na Cameron anageuka kuwa mtu mwingine. Wazee wawili wamekumbatiana kitandani huku maji yakiingia chumbani. Hatuelezwi majina yao wala historia yao, na wamenigusa kuliko wapenzi wakuu wa hadithi.

Oppenheimer ya Christopher Nolan, ya mwaka 2023, ina ugonjwa huo huo wa kutokuamini, ingawa ina dakika zinazothibitisha kwamba dawa anayo. Bomu la majaribio linapolipuka, tunauona mwanga na hatusikii chochote isipokuwa pumzi, na kishindo kinafika baadaye, kwa kuwa sauti husafiri polepole kuliko mwanga. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kinachonisikitisha ni kwamba katika sehemu kubwa ya saa zake tatu muziki haupumziki, unasukuma hata mazungumzo ya watu wawili mezani, na mara nyingine unayafunika. Muziki wenyewe, wa Ludwig Göransson, ni mzuri sana ukisikilizwa peke yake.

Göransson huyo ndiye aliyetunga pia muziki wa Black Panther ya Ryan Coogler, ya mwaka 2018, na humo ulipewa nafasi inayofaa. Killmonger, aliyeigizwa na Michael B. Jordan, ni adui mwenye hoja, na tukio lake la makumbusho, anapomuuliza mtaalamu jinsi vitu vile vya Afrika vilivyopatikana, lina uzito ambao filamu za mashujaa hazinao kwa kawaida. Halafu pambano la mwisho linawageuza watu wawili tuliowajali kuwa sanamu za kompyuta zinazorushana gizani. Kuhusu The Lion King ya mwaka 2019 sina mengi: walichora simba wa kweli kabisa, na uso wa simba wa kweli hauwezi kuonyesha huzuni, hivyo kilio cha mtoto juu ya baba yake kimepotea.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, inayotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, ambako Yasmin anaikimbia ndoa asiyoitaka na kukutana na Denge, mpigania uhuru. Picha zake ni nzuri mno, mwanga na kivuli vimepangwa kwa subira, na ukimya umeheshimiwa. Ila waliosoma riwaya watakubaliana nami kwamba mapenzi yamepewa nafasi finyu, na harakati za siasa zinapita kwa haraka, kiasi kwamba asiyeijua hadithi huenda asielewe ni hatari gani hasa inayowakabili wahusika.

Nimeiacha mwisho Supa Modo ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, ya mwaka 2018, kwa sababu ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi. Jo ana umri wa miaka tisa, anaugua ugonjwa usiopona, na anatamani kuwa shujaa wa filamu. Mama anataka apumzike nyumbani. Dada yake, Mwix, anataka ndoto ya mdogo wake itimie, na anawashawishi wanakijiji wote washiriki. Kisa cha namna hii kingeweza kutukamua machozi kila dakika tano. Wainaina amekataa njia hiyo, ametuonyesha mtoto anayecheka, na amemwacha mama awe mkali bila kutuharakisha kumhukumu, mpaka tunatambua wenyewe kwamba ukali ule ni woga. Filamu nzima ni fupi, dakika 74 tu. Mzazi anayetaka kuitazama na watoto ajue kwamba kifo hakifichwi humo. Watoto wa umri wa Jo wanaweza kuifuata vizuri, mradi awepo mtu mzima wa kuyajibu maswali yao.